Mkungu Uliokosa Mnunuzi

Mdogo wangu Sadoki ana mdomo mtamu, na mimi dada yake ndiye niliyelambishwa asali kwanza. Mwaka jana alifyeka migomba yote aliyorithi hapa Kikwe, akalikodisha shamba kwa watu wa mjini wanaoanika tope la vyoo. Yeye na familia yake wakahamia Kimandolu, mjini. Mimi nikabaki ng'ambo ya mfereji unaotenganisha mashamba yetu.

"Ni mbolea tu, dada," aliniambia. "Tope likishakauka halinuki."

Na kabla halijakauka je? Tunakunywa chai tumeziba pua kwa khanga. Likikauka linakuwa vumbi, linaingia hadi kwenye sufuria, na binti yangu Diana anakohoa mpaka anashika ukuta. Bado nilimtetea Sadoki. Majirani walipolalamika niligombana nao, nikawaambia wana wivu.

Jumapili iliyopita alikuja kusali kwetu, karatasi mfukoni. Wale watu wake wanataka kuanika mpaka ukingoni mwa mfereji, na jirani wa mpakani, yaani mimi, lazima akubali kwa saini. Nikamwambia nitasaini baada ya ibada.

Ibada ilipokwisha, sadaka za mazao zikanadiwa nje ya kanisa kama kawaida. Mimi nilikuwa nimetoa mkungu wa ndizi, mnene, umekomaa vizuri. Mzee Abdiel, mnadishaji wetu, akauinua.

"Ndizi za mama Diana hizi! Nani anaanza?"

Hakuna aliyetaja bei. Kuku alikuwa amekwenda, maharage yamekwenda, hata malimao yaliyosinyaa yalipata mtu. Watu wakatazama viatu vyao. Sikuwalaumu, maana kila mmoja anajua shamba langu limepakana na nini. Nikamtafuta Sadoki kwa macho. Miaka yote yeye ndiye hununua sadaka yangu, na hujisifu kwa hilo. Alikuwa anachezea simu.

Nikanyoosha mkono, nikanunua ndizi zangu mwenyewe. Aibu ile sitaisahau.

Aliponifuata na kunikabidhi karatasi yake na kalamu, nikaulaza mkungu kwenye kiti cha pikipiki yake.

"Wapelekee wanao," nikasema. "Ukiufunga hapo kwa kamba, nasaini sasa hivi."

Akarudi nyuma hatua mbili, mikono ameificha mgongoni.

"Hapana dada, asante. Nyumbani tuna ndizi nyingi."

"Nyingi za wapi, Sadoki? Huna hata mgomba mmoja."

Alikuwa akiutazama ule mkungu, si mimi, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Alijua, akawahamisha wanawe, akaniacha mimi na Diana.

Nikamrudishia kalamu yake, na karatasi yake bila saini. Mkungu nikajitwisha mpaka nyumbani, na jioni tukazila ndizi zile, mimi na Diana, madirisha yote yamefungwa.