Mshenga wa Maboga

Mzee Abubakary wa Kiseke alikuwa amefunga safari za posa sitini na tatu, na ni mbili tu zilizomrudisha nyumbani mikono mitupu. Ya kwanza haikuwa kosa lake, maana kijana aliyemtuma alikuwa na mke mwingine Geita na hakusema. Ya pili ilikuwa kosa la nyuki, na hiyo ndiyo iliyoleta balaa lote hili.

Asubuhi ya posa ile alikuwa amesimama uani kwake, kanzu imenyooka, kofia kichwani, barua ya posa imefungwa kwenye leso, akimalizia chai. Upande wa pili wa uzio, kwenye mti wa jirani yake Mzee Shimba, kulikuwa na mzinga wa gogo. Nyuki mmoja wa mzinga ule aliona chai ina sukari, akatua ukingoni mwa kikombe. Mzee hakumwona. Wakanywa pamoja.

Alipofika Nyakato mdomo wa juu ulikuwa umevimba ukagusa pua. Wazee wa binti wakatazamana, kila mmoja akijiuliza mshenga huyu amepigwa kofi katika nyumba gani kabla ya kuja kwao. Alipojaribu kusema kwamba wameona ua zuri katika bustani ya watu na wamekuja kuomba kulichuma, hakuna aliyeambulia neno, na nyuma ya pazia wasichana wakaangua kicheko. Posa ikaishia hapo, soda hazijafunguliwa.

Mtu mwingine angepaka vitunguu akasahau. Mzee Abubakary alikwenda kushtaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee Shimba, Msukuma mpole aliyestaafu kazi katika kiwanda cha samaki, hakubishana hata kidogo. Alisema tu kwamba nyuki hana chuki na mtu, halafu akaubeba mzinga wake akaupeleka kwa dada yake Kayenze. Tangu siku hiyo wazee hao wawili wakawa wanasalimiana kwa kidevu, na uzio ukawa uzio kweli.

Sasa, maboga. Marehemu mama yake Mzee Abubakary alitoka Ukerewe kuolewa Mwanza na mbegu za maboga zimefungwa kwenye pindo la khanga. Maboga bapa, yenye mistari, nyama yake kavu kama kiazi, ambayo hukuyapata sokoni wala usingeyapata. Mama alipofariki, mwanawe alirithi cherehani na kopo la mbegu, na cherehani alikwisha kuiuza. Kila mwaka alipanda, akala, akawagawia majirani futari, akahifadhi mbegu. Mwaka huu alipofungua kopo alikuta panya wametangulia. Zilibaki mbegu tisa. Akazipanda zote tisa, akawa ameweka roho yake ardhini.

Zikaota zote. Zikatambaa uani, zikapanda uzio, zikafika juu ya paa la choo. Majani mapana, maua ya njano mpaka wapita njia wakasimama kusifia. Lakini maboga hayakuwepo. Vilitokea vitoto vya boga, vikafika ukubwa wa ndimu, vikageuka rangi, vikaanguka. Kila asubuhi mzee aliokota maiti zake na kuzipanga kwenye sinia.

Alijitetea kwamba hakuna alichopunguza. Samadi alitia. Maji alimwagilia. Na lile wingu la wadudu wa ziwani lilipoingia mjini likatanda kwenye kuta na majani, alinunua bomba la dawa, na tangu hapo kila kulipokucha alipulizia kila chenye mabawa. Zaidi ya hayo, aliweka utaratibu ambao aliuona wa busara sana. Mke wake, Bi Moza, hupika majani ya maboga na maua yake kwa karanga, na ni nani Mwanza asiyepika? Mzee akaagiza kwamba maua yenye kitoto cha boga chini yake yasiguswe, ni wajawazito hao. Yachumwe yale yenye vikonyo vyembamba, marefu, yasiyobeba kitu, yanayosimama tu juani kujionyesha. Wavivu wale waliwe. Wakaliwa, karibu mwezi mzima, kwa ugali.

Siku ya ishirini na kitu hivi, Bi Moza aliona sinia la maiti limejaa, akampigia simu bibi shamba wa kata. Alikuja msichana aitwaye Queen, viatu vya mvua miguuni, daftari kwapani. Akatoa shikamoo mbili, akaingia katikati ya maboga, akafungua ua moja, akafungua la pili, akazunguka bustani yote. Kisha akauliza maua ya vikonyo vyembamba yako wapi.

Mzee akamweleza utaratibu wake wa busara, na kifua kikatoka kidogo.

Queen aliinama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Alipoinuka uso ulikuwa umetulia. "Babu," alisema, "hayo mnayochuma ndiyo madume. Yanayobeba ni majike. Jike bila unga wa dume halizai, linasubiri mpaka linaanguka."

Bi Moza alitazama sinia la maiti.

"Kwa hiyo, Baba Faisal," alisema taratibu, "tumekula mabwana harusi wote."

"Kwa karanga," alijibu mumewe.

Queen akaendelea kueleza, na kila neno lilikuwa mwiba. Unga wa boga ni mzito, unanata, upepo hauubebi. Anayeubeba ni nyuki. Anaingia kwa dume kunywa, anatoka amejaa njano mwili mzima, anaingia kwa jike kunywa tena, anauacha huko bila hata kujua. Lakini katika bustani hii hajaona nyuki hata mmoja, na kwa harufu ya dawa iliyopo, akija mmoja hatarudi kwao. Basi dawa ikome, maua yaachwe, na kama nyuki hawapo mzee mwenyewe achukue dume, alitoe petali, aliguse nalo jike, alfajiri, kabla maua hayajajifunga. Mashina haya yana wiki tatu za kuchanua, si zaidi.

Mzee alipumua. Kuunganisha watu? Hiyo si ndiyo kazi yake ya miaka thelathini?

Tatizo ni kwamba aliifanya kwa desturi zake zote. Kwanza, akakataa katakata kuoza ua kwa ua la shina moja. Queen alikuwa amemwambia haidhuru, lakini mzee alisema hao ni ndugu, tumbo moja, yeye hawezi kusimamia jambo la namna hiyo na Mungu anamwona. Akafunga kila shina kitambaa cha rangi yake ili ukoo ujulikane. Pili, na hili ndilo lililomponza, mshenga mwenye heshima hafiki mapema. Ukifika mapema unaonekana una njaa ya mke. Unakunywa chai, unavaa, unatoka jua likiwa limepanda. Basi alifika bustanini saa nne na nusu, kanzu safi, dume mkononi, na majike yote yalikuwa yamejifunga kama watu waliokwisha lala. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akajaribu kuyafungua kwa kidole, yakachanika.

Bi Moza alimkumbusha kwamba bibi shamba alisema alfajiri. Siku ya nne basi akatoka msikitini moja kwa moja mpaka bustanini, akapiga magoti kwenye umande, akasema bismillahi, akagusa jike la shina la kitambaa chekundu kwa dume la kitambaa cha kijani. Moja. Alipotaka kuhamia la pili, kiuno kikagoma. Akabaki vilevile, mikono chini, kama anatafuta sindano, akaita. Bi Moza akaja, akampitishia khanga chini ya kwapa, akavuta. Mzee akainuka, akayumba, akarudisha mguu nyuma kutafuta pa kukanyaga, na pale alipopata pa kukanyaga palikuwa juu ya bibi harusi.

Hakucheka. Bi Moza alikuwa ameanza kucheka, akaacha. Mzee aliketi kwenye ngazi ya mlango, umande umelowesha kanzu mpaka magotini, akamfikiria mama yake akishuka kivukoni na pindo la khanga limefungwa fundo, msichana mgeni asiyejua mtu mjini. Mbegu zile zilivuka ziwa salama, zikapita miaka ya njaa salama, zikaja kuishia mikononi mwake. Alisikia uchungu, na juu ya uchungu alisikia haya, maana sasa alijua kilichomzuia kuvuka uzio ni mdomo wake uliovimba mwaka jana na ukapona siku ya pili.

Asubuhi ya kesho yake alivaa kanzu kavu. Akaandika barua, akaifunga kwenye leso. Hakukata kupitia uzio, alizunguka barabarani hadi lango la mbele, kama inavyotakiwa, akabisha hodi.

"Mwangaluka," alisema, na hiyo ilikuwa salamu yake ya kwanza ya Kisukuma tangu ugomvi.

Mzee Shimba alimtazama kofia, akamtazama leso, akamvutia kiti. Alikuwa ameozesha mabinti wanne, hakuhitaji kuelezwa wageni wa namna hii wanataka nini, ila hakuwa na binti aliyebaki. Akaipokea barua, akaifungua, akaisoma mpaka mwisho, uso haukubadilika.

Mzee Abubakary akasafisha koo. Alisema ametumwa na familia ya hapo jirani. Familia kubwa, ina vijana wa kiume na wa kike, wazuri wote, lakini hawaonani. Wanachanua na kunyauka, kila mmoja peke yake. Wameona nyumba hii ina mtu anayejua kuunganisha watu, wamekuja kumwomba.

Mzee Shimba akauliza kwa upole kama si familia hiyohiyo iliyowahi kumfukuza mtu huyo mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Mshenga alivua kofia, akaiweka gotini. Miaka thelathini amewajibia watu wengine maswali magumu, ya mahari, ya ukoo, ya wake waliofichwa Geita. Safari hii ilibidi ajibu lake.

"Ni sisi," alisema. "Nilimfukuza mshenga mwenzangu kwa sababu ya kikombe cha chai. Nimekosa, jirani. Mbegu ni za mama."

Mzee Shimba alikunja barua, kisha akasema kwamba kwao mahari ni lazima. Alitaka bomba la dawa, na sharti la pili, sahani ya maji yenye vijiwe iwekwe kivulini, maana mkwe hawezi kufanya kazi na kiu. Mzee Abubakary alikwenda kulileta bomba mwenyewe, amelibeba kwa mikono miwili.

Mzinga ulirudi kutoka Kayenze siku hiyo hiyo baada ya giza kuingia, nyuki wakiwa wametulia, umefungwa kwa gunia. Kesho yake alfajiri mzee alisimama bustanini, mikono nyuma. Nyuki wa kwanza alikuja kabla jua halijagusa paa. Akaingia kwenye ua dume, akagaagaa, akatoka amepakaa njano mpaka miguuni, akaenda zake kwa jike la shina lilelile, ndugu wa tumbo moja, hakuuliza ukoo wala hakuangalia kitambaa. Mzee alifungua mdomo kupinga, akaufunga. Siku ile hapakuwa na ua lililochumwa, na ugali uliliwa kwa dagaa.

Maboga kumi na manne yalikomaa, bapa, yenye mistari. La kwanza lilipopasuliwa, mzee aligawa mbegu mafungu mawili, na fungu moja akalipeleka kwa Mzee Shimba ndani ya kopo lenye kifuniko cha kukaza. Alimwambia panya wakirudi kwake, mbegu za mama ziwe na nyumba ya pili.

Mwezi uliofuata alikuwa na posa ya sitini na nne, Buzuruga. Alisimama uani, kanzu imenyooka, leso mkononi, boga kwapani kwa ajili ya wenyeji, akimalizia chai. Bi Moza alimwona akiruka, kisha akamwona akishika mdomo wa juu. Alimwuliza kama ampigie simu kijana wa watu, waahirishe.

Hakuahirisha. Alifika Buzuruga mdomo umegusa pua, akaweka boga mezani, akaketi. Baba wa binti alimtazama kwa muda, akashindwa kuvumilia, akauliza ni nani aliyempiga.

"Mshenga mwenzangu," alisema Mzee Abubakary, na safari hii kila neno lilisikika. "Yeye ameoza jamaa wa boga hilo bila barua, nami nimekuja na barua. Lipikeni kwanza, halafu tuzungumze."