Gauni Lililofungwa Likiwa Bichi

Pale kituoni wananiita Mzee Stoo, ingawa uzee wenyewe ndiyo kwanza unapiga hodi. Natunza vielelezo vya kesi: mapanga, simu, baiskeli, na safari moja jogoo, aliyetoa ushahidi kila alfajiri bila kuapishwa. Nawatania wote wanaofika dirishani. Wanakuja na mazito, na utani ni bure.

Yule dada, fundi cherehani, alikuja na shangazi yake mvua ikinyesha. Alikuwa ametoka kuandikisha maelezo ya alivyobakwa na mwenye nyumba wake. Gauni alilovaa siku ya tukio alilikumbatia, limelowa chepechepe.

"Sikulifua," akasema, macho chini. "Waliniambia nisilifue."

"Umefanya vema, mwanangu. Hata shati langu hili halijafuliwa, nalo ni kielelezo cha mke wangu."

Shangazi akacheka kidogo. Dada hakucheka.

Paa la stoo linavuja. Kwa huruma nikatafuta mfuko mpya wa nailoni, nikalitia gauni, nikapiga fundo mara mbili, nikaliweka rafu ya juu. Nililitunza kama yai. Likakaa miezi saba likisubiri gari la kulipeleka kwa mkemia wa serikali. Gari lilikuwa gereji.

Mkemia akaandika mistari miwili: limeoza kwa ukungu, hakuna cha kupima. Mahakamani likabaki neno la dada na neno la mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa na wakili. Akaachiwa. Hukumu ikasema "kielelezo kiliharibika", utadhani kilijiharibu chenyewe.

Wiki mbili baadaye ndipo tukaletewa bunda la mifuko ya karatasi ya kutunzia vielelezo.

Juzi dada akaja kuchukua gauni, maana utaratibu unataka mali irudi kwa mwenyewe. Amekonda. Nikatafuta utani, sikuupata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kosa ni langu," akasema. "Nililileta likiwa bichi. Shangazi ananiambia kila siku, ningelianika kwanza, yule angefungwa."

Mkubwa wangu alishanionya: "La kuvunda halina ubani, mzee. Usijipalie makaa, una miaka michache ustaafu." Lakini nilimwona anavyojifinya kidole, nikajua neno lile atakufa nalo.

"Si wewe. Mimi ndiye niliyelifunga kwenye nailoni. Kozini tulifundishwa: anika, kisha karatasi. Nikaogopa mvua."

Akautazama mfuko wa nailoni pale mezani, akalitazama bunda la karatasi.

"Nguo mbichi sisi mafundi hatuifungi kwenye nailoni," akasema polepole. "Hata ya mteja msumbufu. Mbona hukuniuliza? Si nilikuwa nimesimama hapa hapa?"

Nikamsogezea rejista atie sahihi.

"Niandikie kwanza."

"Nikuandikie nini?"

"Hayo uliyosema. Shangazi hatoniamini kwa mdomo. Hakuna aliyeniamini kwa mdomo."

Nikachukua karatasi ya ofisi, nikaandika jina langu, cheo changu, nailoni, mafundo mawili, miezi saba. Nikaweka sahihi. Nikagonga muhuri.

Akaisoma mara mbili, midomo ikicheza. Akaikunja ndogo, akaitia kifuani.

"Na gauni?" nikamuuliza.

Alikuwa ameshafika mlangoni. Hakugeuka.

Bado liko mezani kwangu.