Elfu Moja kwa Kila Seva

Siku hiyo mjinga alikuwa Makhanu, na heri tuseme mapema msije mkamtafuta mwingine. Si kwamba hakusoma. Alisoma hadi macho yakadai miwani. Lakini kuna ujinga wa asiyejua, na kuna ujinga wa mtu anayejua vizuri ila amechoka, akasema hii itatusukuma kwa sasa. Huo wa pili ndio uliokuwa wake.

Yeye na mwenzake Natalie walikuwa na chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo mjini Nakuru, na kazi yao ilikuwa kuuza mvua. Si mvua yenyewe, habari zake. Kompyuta ya mteja inauliza: shamba hili litapata mvua saa tatu zijazo? Seva inajibu. Wenye kazi hiyo huiita API. Makhanu aliiita kioski, kwa sababu kila mteja alilipia idadi yake ya maswali kwa siku, na akiimaliza, dirisha linafungwa mpaka kesho.

Seva zilikuwa tatu, na kila moja ilihesabu kivyake kama akina dada waliokosana. Mteja mwenye kikomo cha maswali elfu tatu alipewa elfu tatu hapa, elfu tatu pale, na elfu tatu kule. Shamba moja la maua upande wa Naivasha liligundua siri hiyo, likauliza hadi seva zikawa zinahema.

"Tuweke daftari moja," Natalie alisema. "Seva zote zisome hapo, ziandike hapo."

"Na daftari likianguka? Zote zinalala." Makhanu alikuwa na wiki mbili hajapata usingizi wa maana. "Nitagawanya tu. Elfu tatu kwa tatu, kila seva elfu moja. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu."

"Na mteja akigonga mlango mmoja tu siku nzima?"

"Hakuna mteja kama huyo. Wote wanapitia kwa kigawanyaji pale mbele, kinawatuma kwa seva zote tatu kwa zamu."

Natalie alimtazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa akijua itafurika, ila mikono imemlegea. "Haya, fanya."

Akafanya Ijumaa. Jumatatu ikabainika kwamba mteja kama huyo yupo.

Alikuwa kikundi cha wakulima mia nne huko Rongai, na mwenyekiti wao ni Wamaitha, mama ambaye hata mbwa wa jirani humpisha. Ilikuwa Novemba, mahindi yameanikwa juu ya maturubai kila mahali. Kila saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, kompyuta ya kikundi iliulizia mashamba yote mia nne. Mvua ikiwa njiani, mwenye shamba anapata meseji: funika. Isipokuwepo, haletewi chochote. Wamaitha ndiye aliyetaka hivyo, watu wasisumbuliwe bure. Baada ya misimu miwili ikawa kama sheria: simu ikinyamaza, jua lipo. Watu wakaacha kutazama mbingu.

Jumatatu hiyo, saa tatu asubuhi, katikati ya zamu ya tatu, maswali elfu moja yakaisha. Simu zikanyamaza. Saa sita na nusu mvua ikashuka bila hodi, na mahindi yaliyobakisha siku moja kukauka yakalowa ndani ya robo saa. Lori la mnunuzi lilikuwa linakuja Jumatano, na mnunuzi huyo hupima unyevu kabla hajasalimia mtu.

Wamaitha akapiga simu. Makhanu akafungua skrini yake.

"Mathe, naona mmetumia elfu moja pekee. Mmebakisha elfu mbili. Shida iko kwenu."

"Njoo unionyeshe iko kwetu wapi," akasema, akakata.

Makhanu akafika Rongai matope yakiwa mpaka kwa soksi. Kipruto, mwalimu mstaafu anayetunza kompyuta ya kikundi, akamgeuzia skrini. Mstari baada ya mstari, maneno yale yale: *Umefikia kikomo chako cha leo.*

Makhanu aliinama, akasoma mipangilio, akaruka.

"Mwalimu! Hii ni namba ya seva moja. Umekwepa kigawanyaji. Nani alikuambia ufanye hivi?"

Kipruto akavaa miwani taratibu, akapekua simu yake, akasoma kwa sauti ya darasani: "'Mwalimu, kigawanyaji kimekufa. Weka hii namba, uende kwa seva ya pili moja kwa moja. Nitakuambia wakati wa kurudisha.' Tarehe kumi na nne Aprili. Imetoka kwa Makhanu." Akavua miwani. "Bado nangoja kuambiwa."

Wanawake waliokuwa wakigeuza mahindi wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasio na nguvu ya kucheka. Makhanu akakumbuka. Aliutuma ujumbe ule siku kigawanyaji kilipomtesa tangu alfajiri, akaenda kula, akasahau.

Mtu mwingine angenyamaza hapo. Lakini mdomo wa mtu aliyechoka huendelea kutembea hata akili ikishaketi.

"Sawa, hiyo ni yangu," akasema. "Lakini mathe, tuseme ukweli. Hatukuwanyima kitu. Mlilipia elfu tatu, na elfu tatu zilikuwepo. Mpaka saa hii elfu mbili hazijaguswa, ziko tu kwa zile seva zingine. Sistimu haikukosea hesabu."

Wamaitha alikuwa amepiga magoti kando ya turubai. Akachota mahindi kwa viganja viwili, akasimama kwa shida ya magoti, akayamimina mikononi mwa Makhanu. Punje zilikuwa baridi na zimeanza kunata.

"Hizo elfu mbili zako leta, uzianike hapa kwa turubai yangu, Jumatano nimuuzie mnunuzi," akasema. "Haya mahindi beba wewe."