Tumbaku Kwenye Trei ya Saba

Kivuko kilikuwa kimeshaliachia gati la Busisi, maji yameingia kati yetu na nchi kavu, ndipo nilipoona nimekanyaga gunia namba saba. Nikaondoa mguu upesi. Mama mmoja mwenye beseni la dagaa, aliyesimama ubavuni mwa pikapu letu, aliyatazama yale magunia kumi na manne, akanitazama na mimi niliyekaa juu yake.

"Mzee, mnapeleka mbolea?"

"Udongo."

"Udongo wa nini?"

"Udongo tu, mama."

Alicheka mpaka beseni likatikisika. "Kumbe Mwanza wameishiwa udongo! Haya, mfike salama. Ila wakiwatoza ushuru wa shamba, msiseme sikuwaambia."

Nilicheka naye, maana asiyecheka huulizwa zaidi. Upande mmoja nguzo za daraja zilikuwa zimesimama majini bila kitu juu yake, zimenyamaza kama watu walioitwa kwenye shauri. Ulikuwa mwezi wa Novemba, 2021. Ndani ya gunia namba saba mlikuwa na udongo wa mahali nilipomzika kaka yangu Pius, miaka thelathini na nane nyuma, na hapakuwa na mtu aliyejua ila mimi. Mkewe alikuwa hai bado, kule Magu, akiamini kwamba mumewe alimtoroka akaenda Uganda. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Niseme kidogo habari zangu. Shule nimeisoma vipande vipande: miaka mitatu kwa mapadri, mwaka mmoja wa elimu ya watu wazima, mengine nimeyasoma kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Sisi ni Wahaya, lakini baba alikuja Magu kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na huko ndiko tulikokulia. Baada ya Pius, sikukaa mahali. Nimevua sangara Ukerewe, nimechimba Geita, nimelinda maduka Musoma na Bukoba. Nimelizunguka ziwa lote isipokuwa msitu wa Nyabusira.

Siku nilipomkuta Kokugonza gatini anatafuta mtu anayeufahamu msitu huo, mdomo wangu ulijibu kabla yangu. "Naufahamu."

Alikuwa binti wa watu kutoka Kagera, anasomea misitu, ana sauti ya chini na buti kubwa kuliko mguu. Aliposikia jina langu akaanza kuniita Ta Muganyizi, kwa heshima ya nyumbani. Sikuwa nimeitwa hivyo tangu mama afariki. Akanieleza kazi yake. Alitaka kujua ni mbegu gani zimelala ndani ya udongo wa msitu wa asili, na zipi zimelala kwenye msitu uliokwisha kuvurugwa kwa mashoka na majembe. Nyabusira ungekuwa ule wa asili, gunia la kwanza hadi la saba. Kilima cha jirani, kilichokatwa mkaa kikalimwa kikaachwa, kingetoa la nane hadi la kumi na nne.

"Na huu haujawahi kukatwa?" aliniuliza tukiwa chini ya miti, kijitabu mkononi.

"Haujawahi."

Akaandika.

Mahali pa kuchimba hakuchagua kwa macho. Alivuta kamba ndefu, kila baada ya hatua kadhaa anachomeka kijiti, na popote kijiti kiliposimama, hapo hapo. Cha saba kilisimama karibu na mawe matatu yaliyoota kuvu. Yalikuwa mafiga yetu. Msitu ulikuwa umefunga, uwazi wetu haukuwepo tena, miti iliyokuwa miche wakati ule sasa ilikuwa minene kama mapipa. Lakini mafiga yalikaa vile vile Pius alivyoyapanga, moja limeegemea nje kidogo. Kaburi lilikuwa hatua nne kutoka pale. Ningeweza kusema pana siafu, akasogeza kijiti. Nilishika jembe nikachimba, kina cha kiganja, kama alivyotaka.

Mwaka 1983 serikali ilikuwa inawasaka walanguzi, na vijana wasio na kazi walikuwa wanakusanywa mitaani. Pius na mimi tulikimbilia Nyabusira. Tulikuwa tunakata mivule kwa siri, tunapasua mbao za mitumbwi, na pale tulipoangusha miti Pius akapanda tumbaku ya kutengenezea ugoro. Alipenda kunionyesha mbegu zake. Anaziweka kiganjani, anazipuliza, haionekani zilikokwenda. "Ona," ananiambia, "shamba zima limeondoka na pumzi."

Asubuhi moja tulikuwa na haraka, tulisikia mbwa wa askari wa misitu kwa mbali. Mkato wa kuuelekeza mti niliukata mimi, nami niliukata mfupi. Mvule ulijipinda kwenye kisiki chake na kwenda upande aliosimama Pius. Alikufa pale pale. Nilimzika kabla ya adhuhuri kwa jembe lile lile la tumbaku, nayo tumbaku ilikuwa imeanza kuchanua. Niliogopa askari wa misitu, niliogopa jela, na zaidi nilimwogopa Josepha, mkewe, aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Nilifika Magu nikamwambia, "Amevuka kwenda Uganda. Amesema usimsubiri." Maneno hayo ya mwisho niliyaongeza ili asimtafute.

Kule Nyakato, jijini Mwanza, Kokugonza alikuwa amekodi ghala la nyuma la mzee Chetan, ambalo zamani lilikuwa la mbegu za pamba. Tuliezua mabati kadhaa tukaweka plastiki inayopitisha mwanga. Tukatandaza udongo kwenye trei, gunia kwa gunia. Msichana mmoja wa Mirongo, Precious, alikuwa anaandika lebo na kumwagilia asubuhi na jioni. Chetan alikuwa anakuja na kikombe chake cha chai, anasimama mlangoni.

"Muganyizi, mimi miaka hamsini nauza vitu. Leo ghala langu linaogesha matope."

"Subiri, mzee, yataota."

"Yakiota pesa, nusu yangu."

Wiki ya pili yakaota. Kilichoota kilinishangaza, maana kwenye trei za msitu wa asili haukuchomoza mvule hata mmoja. Yaliota magugu, mnavu, vichaka vya njiani, na miti ile myepesi inayokimbilia mahali palipokatwa. Nikamuuliza Kokugonza miti mikubwa iko wapi.

"Ile haiweki akiba udongoni, Ta Muganyizi. Mbegu yake ikianguka huota upesi, au huoza. Ukiikata yote, udongo hauwezi kukurudishia. Wanaoweza kukaa chini muda mrefu ni hawa wa kwenye uwazi. Wanangoja."

"Wanangoja miaka mingapi?"

"Wengine kumi. Wengine arobaini."

"Wanajuaje kwamba wakati umefika?"

"Wakiguswa na mwanga tu."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa napita mbali na trei ya saba. Nilikuwa nafagia upande wa pili, naziba matundu yasiyovuja. Mchana wa jua kali, ghala likiwa kimya na plastiki inalialia kwa joto, nilikuwa nasikia udongo ukipasuka, tik, tik, kama mtu anayekunja vidole. Nilikuwa natoka nje kukaa na walinzi wa kiwanda cha jirani hadi jioni.

Wiki ya tano niliona majani mawili ya mviringo, mepesi, yenye manyoya. Wiki ya saba yalikuwa kumi na moja, yamelala bapa juu ya udongo kama viganja. Niliyajua kabla Kokugonza hajainama kuyatazama kwa lenzi yake. Aliinama kwa muda mrefu. Aliponyanyuka uso ulikuwa umebadilika.

"Hii ni tumbaku. Inafanya nini kwenye trei za msitu wa asili?" Akageuka. "Precious, namba saba na namba nane umezibadilisha lebo."

"Dada, sijabadilisha."

"Nane ilikuwa shamba. Tumbaku ni ya shambani. Saba ni msitu ambao haujaguswa."

"Dada Koku, naapa. Niliandika gunia likiwa bado kwenye gari. Muulize babu, si ndiye alikuwa anashusha?"

Wote wawili wakanitazama. Nikasema, "Mimi macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Kokugonza hakupiga kelele. Alisema kazi ya miezi mingi imeharibika, na kwamba hawezi kuendelea na mtu asiyeweza kuaminiwa kwa lebo. Akamwambia Precious mwisho wake wa kazi ni Ijumaa. Jioni ile Precious alinifuata bombani nikiwa nanawa.

"Babu, wewe unajua."

Nikaendelea kunawa.

"Mimi sijasoma sana, kazi hii ndiyo ya kwanza watu wameniona nina akili. Usininyamazie."

Ijumaa alikuja amevaa nguo za kutokea, amebeba aproni aliyoifua na kuipiga pasi. Aliiweka juu ya meza, akazimwagilia trei zote kwa mara ya mwisho, na ya saba pia, polepole, bila kumwaga tone pembeni. Nilimtazama anavyoimwagilia. Nikaona nimekwisha kumpeleka mtu mmoja Uganda, na sasa nampeleka wa pili.

"Lebo ni sahihi," nikasema. "Tumbaku ni ya kaka yangu. Tuliilima sisi. Yeye yupo hapo hapo, hatua nne kutoka kijiti chako."

Nilisimulia nikiwa nimesimama. Precious alikaa juu ya ndoo. Kokugonza alisikiliza mpaka mwisho, nami nilingoja aniulize kwa nini nilimdanganya kuhusu msitu wake. Hakuuliza hilo.

"Mkewe yupo?"

"Yupo Magu."

"Basi umekosea mtu wa kumwambia kwanza, Ta Muganyizi." Akachukua ile aproni mezani, akamrudishia Precious kwa mikono miwili. "Nisamehe, mdogo wangu." Kisha akanipa nauli.

Josepha nilimkuta kibarazani, anapepeta mchele wake wa kuuza barabarani. Amezeeka vizuri, mgongo umenyooka.

"Shemeji! Leo umetokea wapi, Kongo?"

"Nimetokea kwa Pius."

Ungo ukasimama. Nilimwambia yote, hata ule mkato mfupi, hata yale maneno niliyoyaongeza. Kuku walikuja wakala mchele uliomwagika, hakuna aliyewafukuza.

"Alikuwa amevaa nini?" aliuliza.

"Lile shati la buluu ulilomshonea."

"Ulimlaza vipi?"

"Kwa ubavu. Uso unaelekea ng'ambo ya ziwa, kwetu."

Aliuweka ungo chini. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimemtukana marehemu, Muganyizi. Miaka yote hii. Nimewafundisha watoto wamtukane. Rugemalira, yule niliyekuwa na mimba yake, nilimwambia baba yake ni mbwa, nikamkataza kulitumia jina la baba shuleni. Kumbe yeye amelala tu, nami namtukana."



Kwetu mtu akifa mkewe hukaa chini, akalia, na watu wakaja. Asipokaa chini, kifo hakijafika nyumbani. Josepha alikunja mkeka akautandaza sakafuni ndani, akajifunga kanga kiunoni, akakaa. Jirani alichungulia mlangoni.

"Mama Ruge, vipi?"

"Nimefiwa na mume wangu."

"Uwii! Lini?"

"Leo."

Yule jirani akaweka mikono kichwani, akaangua kilio, na kilio kikaenda nyumba kwa nyumba mpaka barabarani. Mimi nikaondoka kwa mlango wa nyuma.

Kokugonza alimaliza masomo. Sasa yuko Morogoro, anafundisha. Kwenye kazi yake Nyabusira umeandikwa kuwa msitu uliowahi kulimwa. Precious alibaki naye mpaka trei ya mwisho, kisha akapata kazi kwenye kitalu cha miche Kisesa. Mzee Chetan alifariki mwaka uliofuata, ghala likauzwa, sasa linahifadhi vigae. Watu wa misitu hawakuruhusu kaburi lifukuliwe. Waliruhusu msalaba, na Rugemalira aliubeba mwenyewe kutoka barabarani. Mimi ndiye niliyemwonyesha njia. Alitembea nyuma yangu bila kunisemesha, kwenda na kurudi.

Josepha alifariki mwezi Machi mwaka jana. Nilikwenda kwenye mazishi. Hakuna aliyenifukuza, wala aliyenipa beleshi.