Chitupa cha Luka Sichone

Enoka Sichone alimaliza masomo ng'ambo mwaka 1950, akiwa wa pili katika darasa la vijana kumi na wanane. Ng'ambo hiyo ilikuwa mwendo wa asubuhi moja tu kutoka kwao Mpemba, lakini ilikuwa nchi nyingine: Rodeshia ya Kaskazini, yenye bendera ileile ya Mwingereza na sheria zake yenyewe. Mjomba wake, mzee wa kanisa huko, ndiye aliyemtafutia nafasi katika shule ya misheni. Kwa miaka sita Enoka alisoma hesabu, Kiingereza na ualimu pamoja na Wanamwanga wenzake. Tofauti yao na yeye ilikuwa moja: nyumba za baba zao zilikuwa upande wa pili wa mpaka.

Hakuijali tofauti hiyo mpaka siku mkuu wa shule alipomwita kumkabidhi cheti.

"Nafasi za ualimu ni za watoto wa nchi hii kwanza," mkuu alisema. "Wewe ni wa Tanganyika. Rudi kwenu, watakupokea."

Hawakumpokea. Afisa wa elimu aliyemwendea alikigeuza kile cheti mbele na nyuma kama mtu anayekagua kitambaa dukani, akasema hakitambui. Enoka alikuwa amefundishwa kwa Kibemba na Kiingereza, na shule za Tanganyika zilifundisha kwa Kiswahili. Akitaka ualimu, aombe nafasi ya kuanza upya. Enoka alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Alikaa nyumbani miezi minane, akilima ulezi wa baba yake. Vijana wenzake walimwita Mwalimu. Hapo mwanzo waliita kwa heshima. Kufika masika, wakawa wanaita huku wakicheka.

Mwezi wa nne alirudi Luka, mtoto wa baba yake mkubwa Zebedayo, baada ya kufanya kazi miaka tisa katika machimbo ya shaba. Alirudi na baiskeli, blanketi za mkewe Nesta, na kikohozi. Kila akifika mwisho wa sentensi ndefu alikuwa anasimama kuvuta pumzi, na watu walizoea kumsubiri.

Siku moja Luka alimkuta Enoka akipalilia, akaketi kwenye tuta.

"Mdogo wangu, wewe huna kosa ila karatasi," alimwambia. "Mimi karatasi ninayo, na sirudi tena shimoni." Akatoa mfukoni chitupa chake, kile cheti cha ng'ambo ambacho bila hicho mtu mweusi hakupewa kazi. Kilikuwa na jina, namba, jina la chifu na la kijiji. Picha haikuwepo. Luka alikipata wakati wa vita, machimbo yalipohitaji mikono bila maswali, kwa kutaja kijiji cha mjomba wa Enoka.

"Wakijua kwamba mimi si wewe?"

"Mzungu anasoma namba, hasomi uso. Wanamwanga wenzetu watajua, lakini hawatasema. Chukua. Kinaoza bure humu."

Enoka alikichukua. Cheti chake cha shule, chenye jina lake la kweli, alimwachia mama yake, naye akakifunga ndani ya kanga na kukiweka sandukuni.

Alisafiri kwa lori siku tatu, akapanga foleni kwenye lango la machimbo, na akaandikwa kazi bila swali. Daktari alisikiliza kifua chake, akatazama jalada la Luka, akacheka. "Hewa ya kijijini imekutibu, Luka. Zamani ulikuwa unakoroma kama injini."

Kwa miezi mitano Enoka alisukuma mawe shimoni. Halafu siku moja msimamizi alimsikia akimsomea mwenzake tangazo la Kiingereza bila kukwama, akamuuliza alisomea wapi. Enoka akadanganya kwamba alijifunza mwenyewe. Wiki iliyofuata walimhamishia hospitali ya kompaundi, makazi ya wafanyakazi wa machimbo, akawa karani wa dirishani. Kazi yake ilikuwa kuandika jina la mgonjwa na namba yake ya kazi, kutafuta jalada lake na kulipeleka kwa daktari. Aliye na namba alimwona daktari. Asiye na namba alipewa chupa ya dawa ya kikohozi au vidonge, akaambiwa aende.

Aliipenda kazi ile. Alivaa shati jeupe, kalamu mfukoni, na watu wazima walimwita Ba Luka, yaani Bwana Luka. Usiku wa kwanza alilala akiwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu shuleni, ingawa furaha hiyo ilikuwa na jina la mtu mwingine.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, Enoka aliinua macho kutoka kwenye daftari akamwona Nesta dirishani. Nyuma yake, ameegemea nguzo, alikuwa Luka. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na koti alilorudi nalo nyumbani likimning'inia kama limetundikwa.

"Shemeji," Nesta alisema kwa sauti ya chini, kwa Kinamwanga. "Mganga wa zahanati amesema huu ni ugonjwa wa vumbi la shimo. Na juu yake ana kifua kikuu. Amesema turudi huku, jalada lake liko huku, ni haki yake kulazwa."

Barua waliyotuma kumwarifu haikuwa imefika. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu. Kando ya Enoka alisimama dresa mkuu, msimamizi wa wafunga vidonda, mtu wa Lusaka asiyejua Kinamwanga, akihesabu bandeji.

"Jina nani?" dresa aliuliza kwa Kiingereza. "Andika upesi, watu ni wengi."

Luka alijivuta mpaka dirishani. Akamtazama Enoka usoni, akajibu mwenyewe, "Luka Sichone."

Dresa alicheka. "Haya, Luka, wajina wako huyo! Namba?"

Enoka aliijua namba ile kuliko alivyojua tarehe yake ya kuzaliwa. Ilikuwa imeandikwa kwenye kadi iliyobandikwa kifuani mwake. Akiitaja, jalada litatolewa, na ndani yake kuna picha ya kifua iliyopigwa mwezi wa tatu, kifua kizima cha Enoka mwenyewe, na daktari atauliza picha hii ni ya nani.

"Hana namba," Enoka alisema. "Amekosea kusikia swali. Huyu ni Hezron, ndugu yangu kutoka kijijini. Hakuwahi kufanya kazi hapa."

Akaandika hivyo: Hezron Sichone, si mfanyakazi. Mwandiko ulitoka safi, na baadaye hilo ndilo lililomtesa zaidi.

Luka alipokea chupa ya dawa ya kikohozi kwa mikono miwili. Nesta ndiye aliyebaki dirishani, akimkazia macho, mpaka mwanamke wa nyuma yake alipomsogeza kwa kiwiko.

Enoka aliwachukua nyumbani kwake, chumba kimoja katika safu ya vyumba vya kampuni. Alimwachia Luka kitanda, akanunua maziwa na mayai. Jioni ya kwanza alipiga magoti kando yake.

"Kaka, nipe siku chache. Nitatafuta njia ya kukuingiza bila sote wawili kufungwa."

"Tafuta," Luka alisema. Akavuta pumzi. "Ila usikawie."

Siku ya pili Enoka alimwambia Nesta kwamba daktari amesafiri. Siku ya nne alisema atazungumza naye Jumatatu. Jumatatu alisimama mlangoni kwa daktari na jalada la mtu mwingine mkononi, akalikabidhi, akaondoka. Alikuwa ameyapanga maneno yote kwa Kiingereza safi.

"Shemeji, unangoja nini?" Nesta alimuuliza jioni ile. "Unangoja afe ndipo jina libaki lako peke yako?"

Enoka alikana kwa kiapo, lakini alipotoka nje kuchota maji alijiuliza kama ni kweli.

Luka alikufa siku ya tisa, asubuhi, Enoka akiwa kazini dirishani.

Walimzika katika makaburi ya kompaundi. Mzee wa kanisa la kompaundi aliuliza jina la marehemu ili aombe, na karatasi ya mazishi ilisema Hezron. Enoka alijibu, "Hezron."

"Ni Luka," Nesta alisema.

Hakupiga kelele. Wanamwanga waliokuwapo waliinamisha vichwa. Mzee wa kanisa aliwatazama wote wawili, akafumba macho, akaomba kwa ajili ya "ndugu yetu huyu" bila kutaja jina. Kesho yake Nesta alipanda lori la kurudi Tunduma, akakataa chakula cha njiani alichonunuliwa na Enoka.

Enoka alifanya kazi siku kumi na moja zaidi. "Luka, leta jalada." "Ba Luka, nisaidie, mukwai, tafadhali." Aliitika kila mara. Siku ya kumi na mbili aliingia kwa daktari mikono mitupu, akasema yote, polepole, na akaweka chitupa mezani.

Daktari alikichukua chitupa, akaisoma namba. "Ungemleta siku ile ya kwanza, ningemlaza," alisema. "Ziko dawa mpya. Siahidi zaidi ya hapo, pengine angekufa vilevile. Lakini ningemlaza."

Lile "pengine" Enoka alilibeba gerezani miezi minne, kwa kosa la kutumia chitupa cha mtu. Alipotoka walimpakia kwenye lori pamoja na askari mmoja, wakamshusha mpakani, na jina lake likaandikwa katika orodha ya wasioruhusiwa kurudi. Jambo moja alilofanikisha kabla ya hukumu ni kwamba katika daftari la mazishi jina Hezron lilikatwa kwa mstari, na juu yake pakaandikwa Luka.

Alifika Mpemba mvua za kwanza zikikaribia. Kabla ya kwenda kwa mama yake, alikwenda kwa baba mkubwa Zebedayo, akiwa ameamua kumweleza yote. Nesta alikuwa uani akipepeta. Alipomwona alitua ungo, akamfuata mpaka kwenye ua wa mbuzi.

"Umekuja kusema nini?"

"Ukweli. Na kwamba jina lake wameliandika vizuri sasa, shemeji. Nimeliona kwa macho yangu."

"Mzee anajua mwanawe alilazwa kitanda cha hospitali, shuka jeupe, daktari akimwangalia, na wewe ukimletea uji," Nesta alisema. "Ndivyo nilivyomwambia. Kwa hilo analala. Ukimwambia vingine, utakuwa umejipunguzia mzigo wewe, na yeye umemwua. Jina liko kwenye daftari la Wazungu. Mimi litanifaa nini?"

Akarudi kwenye ungo wake.

Enoka aliingia. Baba mkubwa alikuwa ameketi kwenye kigoda, macho yake yameanza kuingia ukungu. Alipotambua ni nani, alikunja viganja akapiga makofi taratibu, vile watu wa kwetu wanavyofanya mbele ya mtu wa kuheshimiwa, wala si mbele ya kijana.

"Karibu, mwanangu. Nesta ametueleza. Kisha tukasikia wamekufunga kwa sababu ya karatasi tu, watu wale. Lakini wewe hukumwacha kaka yako. Ulimuuguza mpaka mwisho. Mungu akulipe."

Enoka alipiga magoti. Alifungua kinywa, akasikia nje ulezi wa Nesta ukipepetwa, chee, chee, kisha ungo ukanyamaza, kama mtu aliyesimama kusikiliza.

"Ahsante, baba mkubwa," alisema.

Mzee alimshika kichwa, akamwombea kwa muda mrefu, akitaja jina lake, Enoka, mara nyingi.