Mikono Haipumui

Asubuhi mikono ya Dada Pole iliporudi kazini bila Dada Pole, mwalimu wa darasa la wadogo alikuwa amepiga magoti sakafuni, akihangaika na fundo la kamba ya kiatu. Kamba ilikuwa imelowa, na kwa uzoefu wake hakutaka kujua imeloweshwa na nini. Nyuma yake mtoto mmoja alikuwa analia kwa sababu barakoa yake imevaliwa na mwenzake, na mwenzake analia kwa sababu ameambiwa aivue. Wengine walikuwa kwenye foleni ya kunawa, wakiyanywa maji ya kunawia.

Mlango ukagongwa. Mwalimu akasema "Pita" bila kugeuka. Ikaingia mikono miwili, wa kulia mbele na wa kushoto nyuma, yote miwili imeishia kwenye kiwiko, pasipo jeraha wala tone la damu. Ikaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya bomba, ikajinawisha kwa sabuni mpaka juu ya vifundo, ikajikausha, kisha ikamfuta kamasi mtoto aliyekuwa karibu.

"Asante, Dada Pole," akasema mtoto, akaendelea kunywa maji.

Mwalimu aliitambua kwa kovu la moto kwenye kidole gumba cha kulia. "Afadhali umekuja," akasema, akaiachia ile kamba. Fundo lilifunguka mara moja.

Dada Pole alikuwa msaidizi wa darasa hilo, na jina alilipata kwa watoto, maana neno lake lilikuwa hilohilo kwa kila jambo. Ukianguka, pole. Ukimng'ata mwenzako, pole kwa mwenzako na jicho kali kwako. Ukijikojolea, pole na suruali nyingine. Gonjwa lilipopunguza makali na shule zikafunguliwa, ikaja amri kwamba pumzi ndani ya kila chumba zipunguzwe. Bodi ya shule ikakaa, ikahesabu pumzi. Za watoto zilikuwa tele, lakini watoto wana wazazi, na wazazi wana midomo. Pumzi za Dada Pole zilikuwa za mtu mmoja, tena hazikuwa na wa kuzisemea. Zikapunguzwa. Barua aliyopewa ilimshukuru kwa moyo wake wa upendo na kumtakia afya njema yeye na familia yake.

Wakati wa mapumziko mwalimu alikwenda langoni kumuuliza mlinzi ilikuwaje.

"Nimeipima joto kwenye kifundo, iko sawa," alisema mlinzi, ambaye alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. "Barakoa haina. Lakini sheria inasema zifunikwe pua na mdomo. Nimeitazama huku na huku, mwalimu. Sasa nifunike nini?"

Mwalimu alikubali kwamba hakukuwa na cha kufunika.

Darasa likatulia. Mikono ilifunga zipu, ilichonga penseli, ilirudisha kila barakoa kwenye uso wake halisi, na ilitoa punje ya harage kwenye pua moja ambayo ilikuwa na mazoea hayo. Kusema pole haikuweza, ila ilimpiga mtoto mgongoni taratibu mara mbili, na watoto wakaelewa kwamba hiyo ndiyo pole yenyewe. Wiki hiyo mwalimu alifanikiwa kunywa chai ikiwa bado na moto, jambo ambalo kwa walimu wa wadogo halijawahi kuthibitishwa.

Habari zikamfikia mwalimu mkuu, na mkuu, ambaye hakuwa mchoyo wa taarifa njema, akazifikisha kwa bodi. Mwenyekiti wa bodi akaja mwenyewe kuona. Alisimama nje ya mlango, barakoa mbili usoni na kitambaa juu yake, maana afya yake ilikuwa ya thamani.

"Inapumua?" akauliza.

"Hapana," akasema mkuu.

"Inakula?"

"Hatujaiona ikila, mheshimiwa."

"Basi hawa ndio wafanyakazi tuliokuwa tukiwaombea," akasema mwenyekiti. "Ugonjwa huu umetufundisha mengi."

Mwalimu akamfuata mpaka kibarazani. "Mheshimiwa, mikono hiyo ina mwenyewe."

"Kila kitu kina mwenyewe, mwalimu. Sisi hatukuiita. Imekuja yenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone." Akanyunyizia dawa hewa iliyokuwa kati yao, akaondoka.

Siku hiyo jioni, watoto walipochukuliwa na wazazi wao, mwalimu akaongozana na mikono. Ilipita njia za mkato, ikasukuma geti moja bovu, ikampungia fundi viatu, naye akaipungia. Ikafika kwenye nyumba ya vyumba vingi, mlango wa tatu, ikagonga. Akafungua bibi mmoja, mama yake mzazi Dada Pole. Dada Pole alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono ya gauni lake ikining'inia mitupu. Mikono ikaingia humo ndani ya gauni kama mtu anayerudi chumbani kwake, na kitu cha kwanza ilichofanya, hata kabla ya kumsalimia mgeni, ilikuwa kumnyanyua mtoto mchanga aliyekuwa analia kitandani.

"Karibu, mwalimu," akasema Dada Pole. "Ungekuja mchana nisingeweza hata kukupa kiti."

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Mchana ningekuandikia ujumbe kwa nini? Kwa pua? Na jioni inamshika mtoto."

Bibi akacheka, kisha akaacha.

"Huwezi kuizuia?" akauliza mwalimu.

"Nimeifunga kwa shuka. Nimeikalia. Ikifika saa ya kengele inachomoka, ananisikia nani?" Alikuwa anamfuta mtoto pua, polepole, maana kamasi zilikuwa zimekauka tangu asubuhi. "Mimi barua ya kuachishwa niliisoma kwa macho, mwalimu. Mikono iliishika tu. Nadhani yenyewe mpaka leo haijaelewa."

"Ungeifuata basi, uingie nayo."

"Niliifuata. Mlinzi akaniomba radhi sana, yule baba ana heshima zake. Akasema mikono ina ruhusa, kiwiliwili ndicho hakina. Nikasimama pale langoni mpaka jua likaniunguza, nikarudi."

Bibi akanyoosha mikono yake mwenyewe ili mwalimu aione. Ilikuwa inatetemeka, kwa uzee na kwa maradhi ya zamani. "Mchana ninamlisha kwa hii," akasema. "Nusu ya maziwa anakunywa mjukuu, nusu linakunywa shuka. Mwanangu anatazama. Watoto wa watu wanafutwa pua, wa kwake anangoja jioni."

Mtoto alikuwa amekonda shingo. Mwalimu aliliona hilo, akaona haya, maana ile chai ya moto alikuwa ameifurahia sana. Baada ya haya ikaja hasira, ya kweli, ya kukaza meno. Akaahidi kwamba Ijumaa, kwenye sherehe ya shule ya kuwashukuru walimu, atasema mbele ya watu wote.

Kesho yake alijaribu njia ya mkato. Aliisubiri mikono mlangoni, akaiambia, "Rudi nyumbani. Una mtoto anakungoja." Mikono ikasimama. Vidole vikajikunja, vikajikunjua, ikaonekana wazi kwamba jambo limeiingia. Ilikuwa imeshageuka kuelekea langoni pale mtoto mmoja alipojikwaa kwenye kizingiti na kupasua goti. Mikono ikaangaliana, kwa namna mikono inavyoweza kuangaliana, ikarudi kuchukua pamba na maji. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshainama.

Ijumaa ikafika, nayo ilikuwa Siku ya Kuwashukuru Walimu wa Watoto Wadogo. Uwanjani palichorwa duara za chaki, kila mzazi na duara lake, ili shukrani isiambukize. Kitambaa kirefu kilitundikwa kikiwaita walimu mashujaa. Kila shujaa alipewa kikombe chenye picha ya moyo, na kalenda yenye picha ya bodi nzima ikitabasamu; walikuwa wamevaa barakoa, lakini maelezo ya chini yalisema wanatabasamu. Mikono nayo iliitwa jukwaani. Palitokea mjadala mfupi kama ipewe cheti, ila kwenye kitabu cha wafanyakazi haikuwa na jina, na cheti bila jina ni karatasi. Ikapewa chupa ya mafuta ya kujipaka.

Mwenyekiti alihutubia kwa kirefu. Alisema ualimu ni wito, na mwenye wito haulizi. Alisema mkono mmoja haulei mwana, na ndiyo maana shule yake sasa ina miwili ya ziada. Kisha akampa mwalimu kipaza sauti atoe neno la shukrani, fupi, kwa sababu ya virusi.

Mwalimu aliwaona Dada Pole na bibi wamesimama nyuma kabisa, nje ya duara zote; siku hiyo lango lilikuwa wazi kwa umma, viwiliwili pamoja. Bibi alikuwa amempakata mtoto, mikono ikimtetemeka. Mwalimu akakisogeza kipaza sauti mdomoni, akasema.

"Mwenye mikono hii yule pale nyuma. Ana mtoto wake mwenyewe, na mchana hana cha kumshikia. Mrudisheni kazini akiwa mzima, ama muache kuipokea mikono yake. Hatuna haja ya shukrani. Tunamtaka mwenzetu."

Wazazi wengine waligeuka kumtazama Dada Pole, na mzazi mmoja alianza kufungua mdomo nyuma ya barakoa. Mwenyekiti akachukua kipaza sauti, akakifuta kwa dawa, akakifuta tena.

"Mnaona walimu wetu walivyo?" akasema, sauti imemlegea kwa hisia. "Hata siku yao wenyewe, wanawafikiria wengine. Unyenyekevu wa namna hii! Jamani, makofi. Tena ya dakika nzima."

Makofi yakalipuka. Yalikuwa mazuri, ya dhati, wapo waliotokwa machozi. Pale jukwaani, mikono ya Dada Pole iliyasikia, ikaweka chini chupa ya mafuta, nayo ikampigia mwalimu makofi, kwa adabu, vidole vimenyooka, jinsi ilivyowafundisha watoto.

"Hata mikono ina shukrani," watu wakaambiana.

Kule nyuma, mama mmoja mwenye miwani alimgeukia Dada Pole, akamtazama juu mpaka chini. "Dada, wenzio wote wanapiga makofi. Wewe vipi? Hawa ndio wanaotulelea watoto, ujue."

"Mikono yangu iko kazini," akasema Dada Pole.

"Lo, pole," akasema yule mama, akasogea hatua mbili kulinda afya yake, akaendelea kupiga.

Bodi ilikaa Jumamosi. Iliona kwamba darasa la wadogo limetoa mfano wa kuigwa, na kwamba si haki darasa moja lifaidi peke yake. Barua zikaandikwa kwa wasaidizi wa madarasa yaliyobaki, za upendo na afya njema, na kila mmoja aliisoma yake kwa macho. Mwenyekiti akamuuliza mkuu, kwa utani tu, kama sauti za walimu nazo zina kawaida ya kuja kazini zenyewe.

Jumatatu kengele ilipolia, mlinzi alikuta langoni foleni ya mikono, jozi kwa jozi, kila jozi hatua mbili kutoka kwa mwenzake. Akaipima vifundo mmoja baada ya mwingine. Yote ilikuwa sawa.

Ya Dada Pole iliingia darasani ya kwanza. Mwalimu aliipokea mlangoni, na hapo akaona, upande wa ndani wa kifundo cha kushoto, pale mama anapodondoshea maziwa kupima moto kabla hajamnywesha mtoto, tone jeupe. Akaligusa. Lilikuwa vuguvugu bado.

Watoto walikuwa wanangoja, na pua zao. Sheria ilisema kila aingiaye anawe kwanza. Mwalimu akafungua bomba, mikono ikajiweka chini ya maji.