Sajini wa Getini

Shuleni, Mkuu ndiye bwana mkubwa na Mlinzi ni mtu wa kufungua geti. Lakini wote wawili ni askari wa akiba, na kila mwaka, wiki mbili za kambini, mambo hupinduka: Mlinzi ni sajini, Mkuu ni askari wa kawaida tu, tena mwenye kitambi.

Mwaka huu Mkuu alishindwa mbio za kilomita tano mara mbili. Mara ya tatu, ya mwisho, alifika amechelewa dakika nne, akaketi chini anahema. Mlinzi alikuwa na saa mkononi na fomu kwapani.

"Sajini," Mkuu alisema, yeye ambaye shuleni hata salamu huitoa kwa kipimo, "andika nimefika kwa wakati. Nikifutwa, uso nitauweka wapi? Baba alikuwa askari, babu pia."

"Mzee wangu, tukiitwa kweli, mwenzako akajeruhiwa, utambeba?"

"Mkataba wako unaisha mwezi huu. Uko mezani kwangu."

Mtu mzima hovyo! Tusidanganyane, Mlinzi aliogopa. Ana watoto watatu na vyumba viwili vya kupanga. Lakini akawafikiria wale kumi wa kikosi chake, kinyozi, fundi bomba, dereva, watakaomsubiri huyu huku risasi zinalia. Akaandika: ameshindwa.

Jumatatu Mkuu alipita getini kana kwamba linajifungua lenyewe. Ijumaa Mlinzi akaambiwa arudishe funguo.

"Huo ukweli wako tutaupika na nini?" mkewe alimuuliza.

Wiki iliyofuata mapigano yalizuka mpakani, askari wa akiba wakaitwa. Asubuhi malori yalijipanga uwanjani, familia zikaja kuaga. Mke wa Mkuu akapenya katikati ya watu, akaushika mkono wa Mlinzi kwa mikono yake yote miwili.

"Shemeji, amejifungia ndani analia kwa aibu. Mimi nalia kwa furaha, Mungu anisamehe."

Mke wa Mlinzi, mtoto mgongoni, alimgeukia yule mama.

"Dada, wewe wako unaye," alisema. "Basi mwambie autie sahihi ule mkataba, huyu wangu akirudi aukute."